MANENO YA MWENYEKITI: JINSI TULIVYOCHAGUA RAMANI YA NYUMBA YA KONTENA

(Yaliyosomwa katika sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi)



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutufikisha siku hii ya leo. Tulianza tukiwa akina mama kumi na wawili, na daftari moja la shule, na sanduku la mbao lenye kufuli tatu. Leo kikundi kimetimiza miaka kumi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu ninyi wenyewe mnakiona.

Katibu ameshasoma risala, na mweka hazina ameshasoma mapato na matumizi. Sisi hatutarudia hesabu. Kamati ya sherehe imetuomba tueleze jambo moja ambalo watu wanatuuliza kila wanapopita hapa Temeke: hivi ninyi akina mama mliwezaje kumjengea Bibi nyumba ya kontena, na ramani mliipata wapi? Wengine wanauliza kwa sababu na wao wanataka kujenga. Basi tutaeleza mambo yalivyokuwa, pamoja na pale tulipokosea. Maana tulikosea, ndugu zetu, na nusura kikundi kivunjike.

Bibi mnamfahamu. Ni mmoja wa wale kumi na wawili wa kwanza. Kwa miaka mingi alishika ufunguo mmoja kati ya zile tatu za sanduku, na haikupotea hata senti. Masika moja nyumba yake ya matofali ya udongo ililowana ukuta wa nyuma, ukaanguka usiku. Mungu ni mwema, hakuumia mtu. Lakini Bibi na wajukuu zake wawili wa kike wakawa wanalala sebuleni kwa mwenzetu mmoja, na vyombo vyao viko nje chini ya turubai.

Mfuko wetu wa jamii ni wa misiba na maradhi. Haukutosha kujenga nyumba ya tofali. Ndipo mwenzetu mmoja, ambaye mwanawe anafanya kazi kwenye yadi za makontena kule Kurasini, akasema makontena yaliyochoka safari huuzwa. Tulishangaa. Sote tumezoea kuona kontena limegeuzwa duka, ofisi, hata mgahawa. Lakini mtu alale humo? Si sanduku la mzigo lile? Tulikwenda kuangalia, tukaulizia bei, tukaona linawezekana. Tukakubaliana hivi: sehemu ndogo iwe msaada kutoka mfuko wa jamii, na sehemu kubwa iwe mkopo. Bibi atapangisha chumba, na kodi ndiyo itafanya marejesho. Viongozi wa mtaa walituelekeza tupitie manispaa kwa ajili ya kibali, kwani nyumba ya kontena nayo ni nyumba.

Sasa tukafika kwenye ramani.

Kwanza mjue vipimo, maana hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Kontena la futi 40 kwa nje lina urefu wa mita 12.19 na upana wa mita 2.44. Lakini mtu halali nje. Kwa ndani ni mita 12.03 kwa mita 2.35. La futi 20 kwa ndani lina urefu wa mita 5.90 tu, na upana ni uleule. Kimo cha ndani cha kontena la kawaida ni kama mita 2.39. Liko jingine lililozidi kwenda juu, ambalo ndani lina karibu mita 2.70, na hilo ndilo tulilochukua, ili tukishaweka dari bado kichwa kipumue. Kwa hiyo urefu upo, na kimo unaweza kukichagua. Upana haukubembelezeki. Ni mita mbili na sentimita thelathini na tano, basi.

Sisi viongozi tulichora ramani kwa mazoea. Sote tumezaliwa au tumepanga katika nyumba za Kiswahili: unaingia mlango wa mbele, korido iko katikati, vyumba huku na huku, ukitokea nyuma uko uani. Kwa kuwa kontena ni jembamba, tukaweka korido upande mmoja, kuanzia kwenye milango mikubwa ya kontena hadi mwisho, na vyumba vitatu vinapangana upande wa pili. Chumba kimoja cha Bibi na wajukuu. Viwili vya wapangaji. Mlango wa nje ni mmoja tu, mwizi hana pa kupitia, na fundi wa kuchomelea hatakata sana ukuta. Mweka hazina akapiga hesabu ya kodi mbili, tukaona deni litaisha upesi. Ramani ile tuliipenda. Na sisi tunaosimama hapa mbele yenu ndio tuliokuwa wa kwanza kunyosha mkono.

Fundi alikuwa aanze kukata Jumatatu. Ijumaa, mwenzetu mmoja ambaye ni fundi cherehani akasimama kwenye mkutano akasema: "Jamani, kitambaa nikishakikata siwezi kukirudisha. Hili nalo ni chuma. Tumempima aliyeshonewa?" Wengine tulicheka. Lakini akasisitiza, na Jumamosi asubuhi tukaenda kiwanjani kwa Bibi na ndoo ya majivu, kamba ya katani na vigingi.

Tukapima kontena zima ardhini kwa majivu. Tukachora korido ya sentimita 90, kwani chini ya hapo mtu mwenye ndoo kichwani na mtoto mkononi hapiti. Toa unene wa ukuta wa mbao, sentimita 10. Chumba kikabaki na upana wa mita 1.35. Tukaleta kitanda cha Bibi, kile cha futi nne kwa sita. Futi nne ni mita 1.22. Tukakiweka ndani ya majivu. Ubavuni zikabaki sentimita 13, yaani kiganja kimoja na kidogo. Na bado hatujapigilia mbao za kuzuia joto kwenye ukuta wa chuma, ambazo nazo zinakula.

Tukamwomba Bibi aingie. Mnajua Bibi ana mwili na anatembea na fimbo. Alipita kwenye ile korido ya majivu polepole, akaingia kwenye kile chumba, akakosa pa kuzungukia, akakaa kitandani. Akatazama huku na huku. Akauliza: "Wanangu, usiku nimeona nitalala. Na mchana nitakaa wapi?"

Hakuna aliyejibu. Ndugu zetu, tulikuwa tumechora nyumba kwa majuma matatu, tumebishana juu ya kodi, juu ya mlango, juu ya rangi, na siku zote hizo hatukumwuliza mwenye nyumba. Tulijiona tunatoa msaada, kwa hiyo tukadhani anayesaidiwa hana la kusema. Hilo ndilo kosa letu, na tunalisema hadharani ili lisirudiwe.

Tuliketi palepale chini ya mwarobaini tukamwambia Bibi atueleze siku yake tangu alfajiri. Kumbe ndani ya nyumba yeye yumo usiku tu na wakati wa mvua. Alfajiri yuko nje anachoma vitumbua. Asubuhi anauza mbele ya nyumba. Mchana anachambua mchele barazani, anasuka ukili, anapokea wageni. Jioni wajukuu wanafanya kazi za shule palepale penye upepo. Sisi tulikuwa tumempa mahali pa kulala tu, tukamnyang'anya baraza na ua.

Ndipo ikazaliwa ramani ya pili, na tuliichora kwa fimbo ya Bibi mwenyewe. Tulifuta korido yote. Badala ya kupita ndani, watu wapite nje. Ubavuni mwa kontena, upande wa njia, tukaweka baraza ya upana wa mita 2 chini ya paa, na kila chumba kinafunguka nje. Sasa chumba kinapata upana wote wa kontena. Bibi alipewa mita 4.20, wajukuu mita 3, na mpangaji mita 4.50. Zilizobaki ni unene wa mbao. Kati ya chumba cha Bibi na cha wajukuu tuliacha mlango wa ndani, ili usiku akiumwa wasizunguke nje. Mpangaji yuko mwisho wa mashariki, kule kwenye milango mikubwa, na anaingilia hukohuko bila kukanyaga baraza ya Bibi.

Lakini mmesikia hesabu? Mpangaji sasa ni mmoja, siyo wawili. Marejesho yatachukua muda mara mbili.

Hapo ndipo kikundi kilipotikisika. Mkutano ule ulidumu mpaka magharibi. Wapo waliosema: "Hela hii ni jasho la wote. Watoto wetu nao wanasubiri ada. Bibi akae kama wapangaji wengine wanavyokaa, deni liishe, baadaye tutapanua." Tusiwaseme vibaya, kwani walikuwa na haki. Fedha iliyokaa kwa mtu mmoja haikopeshwi kwa mwingine. Wengine wakasema: "Chuma hakipanuki. Ukishakata umekata. Tukimweka Bibi kwenye kijia, ataondoka, na tutabaki na sanduku na deni." Tulipiga kura. Kumi na sita walitaka ramani ya baraza, kumi walitaka ya korido. Bibi alikataa kupiga kura. Sisi viongozi tulibadili mkono wetu, na tulieleza kwa nini.

Mwisho wa mzunguko, tulipogawana, wenzetu wawili walituaga. Iliuma. Mmoja amerudi na yuko hapa leo, tunamshukuru. Mwingine tunamkaribisha, mlango uko wazi.

Sasa kwa wale wanaotaka kujenga, tuwape machache tuliyojifunza, kwani ramani haiishii kwenye vyumba.

Kwanza, ujue kontena linavyobeba. Uzito wake wote unakaa kwenye nguzo nne za pembeni, na boriti za chuma za juu na chini ndizo zinazolishika. Ule ukuta wa mikunjo ndio unaolikaza lisiyumbe. Kwa hiyo usikate karibu na nguzo ya pembe, usiguse boriti, na kila tundu la mlango au dirisha lizungushiwe fremu ya mabomba ya chuma ya mraba kabla ya kukata jingine. Usikate ukuta mzima wa ubavuni eti upate sebule kubwa, paa litabonyea. Sisi tulikata milango miwili tu upande wa baraza, na madirisha. Chini tulijenga nguzo za zege kwenye pembe nne, ili maji ya masika yapite chini.

Pili, uliweke kwa jua na upepo. Hapa Dar es Salaam jua linatoka mashariki na kuzama magharibi karibu juu ya utosi. Ukielekeza ubavu mrefu magharibi, jioni nyumba ni tanuri. Sisi tulilaza kontena mashariki kwa magharibi, ubavu mmoja ukatazama kaskazini na mwingine kusini. Kila chumba kina dirisha kaskazini na jingine linalolikabili kusini. Wakati wa kaskazi upepo unaingilia huku, wakati wa kusi unaingilia kule. Baraza iko kusini. Chumba cha Bibi kiko mwisho wa magharibi, lakini ule mwarobaini wa zamani unaukinga ukuta. Hatukuukata, na msikate miti yenu.

Tatu, paa la pili. Hapa napo tulikosea. Hela zilipungua, tukasema paa la juu litasubiri. Bibi alihamia mwezi wa Januari. Jamani, Februari ile! Chuma kilishika joto hata usiku hakikulipa. Ilibidi Bibi na wajukuu warudi kulala kwa jirani mpaka tulipochangishana mara ya pili. Sasa kuna kenchi za mbao na mabati juu ya kontena, na katikati pameachwa nafasi hewa ipite. Paa hilohilo ndilo linaloshuka kufunika baraza. Ndani tumeweka fremu za mbao na plaiwudi. Paa la pili liwe kwenye hesabu ya siku ya kwanza.

Nne, moto na hewa. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya kontena, hata siku ya mvua. Moshi wake unaua mtu akiwa usingizini. Ramani iwe na jiko nje. La Bibi liko uani, pembe ya magharibi, nje ya mstari wa nyumba, ili moshi usirudi madirishani. Choo nacho kiko uani, hatua nane tu kutoka mlangoni, kwa kuwa mwenye nyumba ni mtu mzima. Umeme ufungwe na fundi anayetambulika na waya wa ardhini uwepo, maana nyumba nzima ni chuma. Na yale makomeo ya nje ya milango mikubwa yaondolewe kabisa. Mtoto akifungiwa humo kwa mchezo, ni msiba.

Tano, mazungumzo na fundi. Fundi wetu alikuwa mwaminifu, tunampa pongezi. Lakini fundi anajenga kile ulichomwonyesha. Karatasi inaonyesha chumba kikiwa kitupu, na chumba hakikai kitupu. Mwonyeshe kitanda, kabati, ndoo za maji, cherehani, na mtu akipita kati yake.

Ndugu Mgeni Rasmi, mtapenda kujua mwisho wake. Hatutawadanganya kwamba kila kitu kimekwenda vizuri. Deni la nyumba ile halijaisha mpaka leo. Yamebaki marejesho matatu. Kwa ramani ya korido kwenye karatasi lingeisha zamani. Lakini Bibi hajakosa rejesho hata mwezi mmoja, hata ile miezi miwili ambayo chumba kilikaa bila mpangaji. Alilipa kwa vitumbua alivyouza pale barazani. Mweka hazina wetu, ambaye ndiye aliyepiga hesabu za kodi mbili, ndiye aliyetuonyesha jambo hilo kwenye daftari. Alisema: "Nilihesabu vyumba, sikuhesabu baraza."

Na faida nyingine hatukuitegemea. Mnajua tulikuwa tunahamahama na sanduku letu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mvua ikinyesha mkutano umevunjika. Sasa kila Jumamosi tunakutana kwenye baraza ile. Wajukuu wa Bibi ndio wanaotandika mikeka. Mjukuu mkubwa amekuwa akitusaidia kusoma daftari pale macho yetu yanaposhindwa.

Mwaka huu wenzetu wawili wameomba nao wakopeshwe kwa ajili ya nyumba. Mmoja anataka la futi 20 peke yake, mwingine anataka mawili. Kamati imeweka sharti moja: hakuna kukata chuma kabla ya kuchora majivu, na anayeshika fimbo ya kuchorea ni yule atakayelala humo. Mkopaji akisema hajui ramani, tutamwuliza siku yake inavyokwenda tangu alfajiri, naye ataijua. Majivu ni bure, jamani. Yako kwenye kila jiko.

Tunawashukuru viongozi wa mtaa, majirani waliowahifadhi Bibi na wajukuu, vijana waliosukuma na kupokea siku lori lenye kreni lilipofika, na waume zetu waliovumilia vikao vya usiku. Tunawashukuru wanachama wote, waliokubali na waliokataa, kwani bila waliokataa tusingepiga hesabu kwa makini. Tunamshukuru Bibi, aliyetufundisha kwa swali moja.

Ndugu Mgeni Rasmi, baada ya chakula tunakukaribisha ukaketi barazani kwake. Kuna upepo mzuri saa hizi, na vitumbua viko tayari.